Roboti na Sanduku la Inchi 18

Wewe uliye na karatasi ya somo hili mkononi, weka kidole chini ya mstari wa kwanza, tuanze pamoja.

Neno letu la leo ni KANUNI. Mwalimu wa darasa aliandike ubaoni: KA-NU-NI. Lisomeni mara tatu.

Basi, nani asiyeyajua magari ya watoto wetu? Mtoto achungaye ng'ombe huokota mabua ya mtama, akayakata, akayaunga kwa miiba, na magurudumu akayachonga katika ndala kuukuu. Jioni gari lafika nyumbani likivutwa kwa kamba. Mpe mtoto yule betri, mota ya kuzungusha magurudumu, na kompyuta ndogo ya kutoa amri, naye ameanza kuunda roboti. Roboti si lazima iwe na kichwa na miguu kama mtu. Ni mtambo unaotenda kazi kwa kufuata amri ulizowekewa.

Siku hizi wanafunzi wa nchi nyingi hushindana kwa roboti walizounda wenyewe. Mwaka 1989 Mmarekani aitwaye Dean Kamen alianzisha chama cha FIRST kwa ajili ya jambo hilo. Tena mwezi wa Julai 2017, katika mashindano mengine aliyoyaanzisha yeye, vijana wa nchi zaidi ya 150 walikutana Washington. Nchi nyingi za Afrika zilikuwamo, na majirani zetu wa Burundi pia. Mipira ya bluu ilihesabiwa kuwa maji safi, ya rangi ya chungwa kuwa uchafu, na roboti zilitakiwa kuitenganisha. Aliyewahi kuchota maji lamboni mwezi wa Septemba hatauliza kwa nini walichagua mchezo huo.

Mashindano kwetu si kitu kigeni. Usukumani tunao Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Kule, atakayevuta watu wengi ndiye mshindi, hata kama amekuja na chatu begani. Katika roboti sivyo. Kabla ya mchezo mkaguzi huja na kipimo, na roboti isiyofuata kanuni haiingii uwanjani mpaka itengenezwe. Ninyi wakulima wa pamba mwalijua jambo hili. Karani wa mizani hapimi jasho lako, apima pamba.

Sasa tuitazame kanuni moja. Yatoka katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, ya vijana wa umri wa miaka 12 hadi 18. Kwa maneno yetu yasema hivi: "Mchezo unapoanza, roboti sharti iwe imeenea katika sanduku la inchi 18 kila upande." Inchi 18 ni karibu sentimita 46, yaani urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Pimeni hapo mlipo.

Isomeni tena kanuni hiyo, polepole. Msomaji wa haraka huona "inchi 18" tu, akaunda roboti fupi isiyofika juu ya kitu chochote. Msomaji wa makini husimama penye neno "unapoanza". Je, mchezo ukiisha kuanza? Kwa miaka mingi kanuni haikuweka mpaka baada ya hapo. Kwa hiyo vijana waliosoma vema waliunda mkono wa kukunja, kama mwamvuli. Wakati wa kukaguliwa umelala ndani ya sanduku, na baada ya filimbi wanyoka na kuweka mzigo mahali pa juu. Makundi yote yalipewa karatasi ile ile. Neno moja liliwatenga.

Haya, mkono wa namna hiyo huundwaje? Usianze na chuma. Mota ni fedha, lakini kadibodi waweza kuipata bure dukani. Tengeneza sanduku lenye sentimita 45 kila upande kwa ndani. Kwa nini 45 na si 46? Kwa sababu inchi 18 ni sentimita 45 na milimita 7, si 46 kamili. Tena waya au kichwa cha skrubu hujitokeza siku ambayo huitaki. Wengi hukwama kwa kitu kidogo kama unene wa kidole.

Kisha kata vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja sentimita 40. Viunganishe kwa msumari mmoja karibu na ncha. Vikunje, vyaingia sandukuni. Vikunjue, vyakaribia sentimita 80. Hicho ndicho kielelezo, yaani mfano wa kujaribia. Wenye kompyuta huchora kielelezo chao humo, wakakizungusha na kukitazama pande zote kabla ya kukata chuma. Ni kazi nzuri, lakini fikira ni ile ile ya kadibodi.

Sasa funga jiwe kwenye ncha ya mkono ulionyoka. Chombo chote chaanguka kifudifudi! Ni kama mkokoteni uliopakiwa mizigo yote nyuma, hata ng'ombe wakainuliwa shingo. Basi betri, iliyo nzito, iwekwe chini na upande wa nyuma, ishindane na mzigo wa mbele. Jaribu, sogeza, jaribu tena. Hapa vijana hutumia siku nyingi, na sioni kwamba ni siku za kupoteza. Mchezo wenyewe ni dakika mbili na nusu tu. Sekunde 30 za kwanza roboti hujiendesha yenyewe, na kwa dakika mbili zilizobaki vijana huiongoza.

Lakini angalieni. Katika mashindano ya msimu wa 2024 hadi 2025 kanuni ilibadilishwa. Sanduku la kuanzia lilibaki lile lile la inchi 18, ila mpaka uliongezwa: hata baada ya mchezo kuanza, roboti ikijinyoosha kwa mlalo isizidi inchi 20 kwa inchi 42. Inchi 42 ni karibu sentimita 107. Kundi lililoleta mkono wa mwaka uliopita bila kusoma karatasi mpya lilijitafutia taabu.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Roboti ina urefu wa sentimita 40. Mkono wake ukinyooka watokeza mbele sentimita 70. Andikeni jumla katika madaftari, mlinganishe na 106, kwa sababu inchi 42 hazifiki sentimita 107 kamili. Mkono huo ungekatwa sentimita ngapi ili mkaguzi wa msimu ule auruhusu? Tutasahihisha pamoja juma lijalo, saa hii hii.