Je, Wajua? Risasi ya Mbali na Hesabu za Simu

Je, wajua kwamba risasi ya .308 Winchester, ikiwa darubini ya bunduki imerekebishwa kwa yadi 100, huanguka karibu mita 10 chini ya pale ulipolenga ifikapo yadi 1,000? Safari hiyo huchukua zaidi ya sekunde moja na nusu. Ndiyo maana walengaji wa masafa marefu hutembea na kikokotoo cha balistiki kwenye simu, yaani programu inayokokotoa njia ya risasi.

Je, wajua nani aliyeonyesha kwamba hewa nayo huikinza risasi kwa nguvu kubwa? Mwingereza Benjamin Robins. Mwaka 1742 alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi alivyopiga risasi kwenye pendulo nzito ya mbao, akapima ilivyosukumwa, kisha akakokotoa kasi ya risasi. Kabla yake wengi waliichukulia hewa kama kitu cha kupuuza. Robins akakuta kwamba, kwa risasi yenye kasi, ukinzani wa hewa unazidi uzito wa risasi yenyewe kwa makumi ya mara.

Je, wajua kwamba ENIAC, kompyuta maarufu iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, iliagizwa na jeshi kwa ajili ya majedwali ya mizinga? Njia ya kombora moja, ambayo wanawake wataalamu wa hisabati waliikokotoa kwa mashine za mezani kwa saa 20 hivi au zaidi, ENIAC iliimaliza kwa nusu dakika. Ilikuwa na uzito wa tani 30. Leo kazi hiyo inafanywa na simu iliyoko mfukoni.

Basi utachaguaje programu? Mimi nasema itazame kwa maswali inayokuuliza. Inayoridhika na jina la risasi na umbali tu, iache.

Je, wajua kwamba risasi hupimwa kwa vielelezo tofauti? Kielelezo cha G1 ni cha risasi fupi ya kitako bapa, umbo la karne ya 19. G7 ni cha risasi ndefu iliyochongoka, yenye kitako kilichosinyaa, kama zinazotumika kwenye mashindano leo. Risasi ileile ina namba mbili tofauti kabisa za uwezo wa kupenya hewa, na ukiingiza ya G1 mahali pa G7 jibu lote linaharibika. Programu nzuri hukuacha uchague, na huonyesha wazi unatumia ipi.

Sasa hili la mgandamizo wa hewa, ambalo limewapoteza wengi. Je, wajua kwamba namba ya mgandamizo unayosoma kwenye taarifa ya hali ya hewa si ya mahali uliposimama? Huwa imerekebishwa ionekane kana kwamba uko usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, taarifa itakuambia zaidi ya milibari 1,000, lakini hewa halisi inayoizunguka bunduki yako ina kama 830. Ukiiingiza ile ya kwanza kama mgandamizo halisi, programu itadhani hewa ni nzito kuliko ilivyo, itakuambia uinue sana, na risasi itapita juu. Tafuta programu inayouliza waziwazi: mgandamizo huu ni halisi, au umerekebishwa? Isipouliza, utabaki kubahatisha.

Je, wajua kwamba kasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi ilipimwa kwa mtutu wa mtu mwingine? Mtutu wako ukiwa mfupi, kasi inapungua. Tofauti ya mita 10 tu kwa sekunde husogeza risasi kama sentimita 30 kwenye yadi 1,000. Pima kwa kipima kasi, kisha chagua programu inayokubali kusahihishwa kwa matokeo halisi ya uwanjani.

Je, wajua kwamba mzunguko wa dunia nao umo kwenye hesabu? Nanyuki, penye ikweta, hauisukumi risasi pembeni. Lakini ukilenga mashariki kwa yadi 1,000 itapiga juu kwa kama sentimita 10, na ukilenga magharibi itashuka kiasi hichohicho.

Zima intaneti ya simu kabla ya kulipia chochote. Programu ikigoma kukokotoa, haifai.

Je, wajua kwamba kule Bisley, Uingereza, ambako walengaji wanashindana tangu 1890, duara la katikati la yadi 1,000 lina upana wa sentimita 61 tu? Upepo wa pembeni ukibadilika kwa mita 1 kwa sekunde, risasi husogea kama nusu mita, yaani hata iliyolengwa katikati kabisa hutoka nje ya duara. Uwanjani bendera zimepangwa njia nzima, na mara nyingi iliyo karibu haisemi sawa na iliyo mbali. Simu haizioni bendera hizo. Kwa hiyo nachagua programu inayoonyesha majibu mawili kwa pamoja, la upepo mdogo kabisa na la mkubwa kabisa ninaoutarajia, ili jicho libaki kwenye bendera na kidole kisirudi kwenye kioo.