Mboni Imetanuka au Imetanuliwa?

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na istilahi dilesheni, kamusi humpatia haraka vitenzi panua na tanua, naye huridhika. Tatizo huanza anapovitungia sentensi.

Tuanze na tiba. Mboni ya jicho huwa kubwa gizani na ndogo kwenye mwanga. Hakuna anayeigusa, ni misuli ya jicho lenyewe inayofanya kazi, kwa hiyo tunasema mboni imetanuka. Daktari akitia dawa ya matone ili achunguze sehemu ya nyuma ya jicho, hapo mboni imetanuliwa. Ni suala la mnyambuliko tu, lakini ndani yake mna habari ya nani ametenda.

Katika chumba cha kujifungulia jambo hili lina uzito zaidi. Mlango wa kizazi hufunguka polepole hadi kufikia sentimita 10, mtoto apate kupita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 huhesabu kuwa uchungu umeshika kasi kuanzia sentimita 5. Anayeandika kwamba mlango "umepanuliwa sentimita 5" anamwambia msomaji kuwa kuna mtu aliyeingilia kati kwa mkono, dawa au kifaa. Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendwa. Wakunga husema "njia imefunguka", nami sioni sababu ya kuwasahihisha.

Kwenye jiometri mambo ni mengine. Huko huchaguliwa kitovu na kizidishi, kisha kila nukta husogezwa katika mstari unaotoka kitovuni, umbali wake ukizidishwa kwa namba hiyo. Pembetatu yenye pande za sentimita 3, 4 na 5, kizidishi kikiwa 2, hupata pande za 6, 8 na 10. Pembe hazibadiliki, ila eneo huwa mara 4. Kizidishi kikiwa nusu, umbo hupungua, na bado tendo huitwa kwa jina lile lile! Neno "kutanua" halifai hapo. Hata "ukuzaji" humchanganya mwanafunzi asipotajiwa kizidishi chake.

Hesabu hiyo hufika hadi kwenye jicho. Mboni ikitoka kipenyo cha milimita 2 hadi 6, kipenyo kimekuwa mara 3, lakini eneo linalopitisha mwanga limekuwa mara 9. Ndiyo maana aliyetiwa matone hutoka kliniki amejikinga macho kwa kiganja.