SANDUKU NA MPINI WA JEMBE HUTOA BESI

Vijana wa vijiji vyetu wanapenda muziki. Hapa Marui, kama kwingine Uzaramoni, mdundiko unajulikana. Kwaya nazo zinaimba. Ngoma tunazo na wapigaji tunao. Kinachokosekana mara nyingi ni besi.

Besi ni nini? Ni sauti nene ya chini katika muziki. Besi haiongozi wimbo, bali inaubeba. Ni kama nguzo za nyumba. Mgeni akifika husifu mlango, hasifu nguzo. Lakini ukizing'oa nguzo, mlango nao unaanguka.

Gitaa la besi la dukani ni ghali. Tena halifanyi kazi peke yake. Linahitaji amplifaya, spika na umeme. Kikundi kisichokuwa na fedha hulazimika kukodi vyombo mjini. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mkulima akiuza korosho zake kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, ili kikundi kikodi besi ya usiku mmoja, amepata nini? Asubuhi vyombo vinarudi mjini. Korosho nazo zimekwenda. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Je, tunaweza kutengeneza besi yetu wenyewe? Ndiyo, tunaweza. Wengine wamekwisha kufanya hivyo.

WENZETU WA ZANZIBAR

Zanzibar kuna muziki unaoitwa kidumbaki. Hupigwa arusini, na watu hucheza sana. Kidumbaki ni ndugu wa taarab. Vikundi vikubwa vya taarab, kama Culture Musical Club, hutumia ala nyingi, pamoja na dablibesi. Dablibesi ni kama fidla kubwa sana. Mpigaji huipiga akiwa amesimama. Bei yake ni kubwa.

Kidumbaki hakina ala nyingi hivyo. Kina ngoma mbili ndogo na fidla. Kina mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha. Kina cherewa, yaani vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani. Na besi yake? Besi yake inaitwa sanduku, na ni sanduku kweli. Zamani majani ya chai yalisafirishwa katika masanduku ya mbao nyembamba. Sanduku tupu liligeuzwa, likatiwa mti mmoja na uzi mmoja, likawa besi.

Hata Ulaya walifanya hivyo. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Uingereza hawakuwa na fedha za kununua ala. Nao walitumia masanduku ya chai. Kikundi kimoja cha mji wa Liverpool, kilichoitwa Quarrymen, kilikuwa na besi ya sanduku. Baadaye kikundi hicho kilibadilika kikawa The Beatles, kikajulikana dunia nzima. Kwa hiyo besi ya sanduku si kitu cha kuonea haya.

KWA NINI SANDUKU LINALIA

Uzi ukipigwa hutikisika. Kutikisika huko ndiko sauti. Kumbuka mambo matatu:

Uzi mrefu hutoa sauti ya chini. Uzi mfupi hutoa sauti ya juu.

Uzi mnene hutoa sauti ya chini. Uzi mwembamba hutoa sauti ya juu.

Uzi uliolegea kidogo hutoa sauti ya chini. Uzi uliokazwa hutoa sauti ya juu.

Lakini uzi peke yake hausikiki mbali, kwa sababu unasukuma hewa kidogo tu. Ukiufunga kwenye sanduku, ubao wa sanduku nao hutikisika. Ubao ni mpana, kwa hiyo unasukuma hewa nyingi. Ndiyo maana sanduku kubwa lenye ubao mwembamba hulia vizuri kuliko sanduku dogo lenye ubao mnene.

VIFAA

Siku hizi masanduku ya chai ni adimu. Tengeneza sanduku lako. Tafuta vitu hivi:

Plaiwudi nyembamba, hata mabaki ya fundi seremala. Vipande vya mbao vya kutia kwenye pembe. Misumari midogo na gundi ya mbao. Mpini wa jembe au ufito ulionyooka, wenye urefu wa sentimita 120 hivi. Kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, yenye urefu wa mita mbili. Bolti moja fupi yenye nati na washa mbili.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Unda sanduku lenye upana wa sentimita 40 hadi 50 kila upande, na kimo cha sentimita 50 hivi. Acha upande mmoja wazi. Paka gundi kwenye maungio yote kabla ya kupiga misumari. Ungio lililolegea hukoroma muziki ukianza.

2. Geuza sanduku. Upande ulio wazi uwe chini. Katikati ya ubao wa juu toboa tundu dogo. Tia bolti na washa mbili, moja juu na moja chini, kisha kaza nati. Washa zinazuia ubao usipasuke.

3. Kwenye tako la mpini kata pengo dogo. Pengo hilo likae juu ya ukingo wa sanduku, ili mpini usiteleze.

4. Toboa tundu karibu na ncha ya juu ya mpini. Lainisha tundu kwa msasa ili lisikate kamba.

5. Funga kamba kwenye bolti. Simamisha mpini kwenye ukingo wa sanduku. Vuta kamba, ipitishe kwenye tundu la juu, uifunge. Mpini ukisimama wima, kamba iwe imenyooka lakini isiwe imekazwa.

6. Inua upande mmoja wa sanduku kwa kijiwe au kipande cha mti. Sauti ipate mlango wa kutokea.

KUPIGA

Weka mguu mmoja juu ya sanduku ili lisihame. Shika mpini kwa mkono mmoja. Piga kamba kwa vidole vya mkono mwingine. Ukivuta mpini nyuma, kamba inakaza na sauti inapanda. Ukiurudisha, sauti inashuka.

Usijaribu sauti nyingi siku ya kwanza. Tafuta sauti mbili tu zinazokubaliana na wimbo. Zipige pamoja na ngoma mpaka mkono uzizoee. Kisha ongeza ya tatu. Hapa sikio ndilo mwalimu.

KUIBORESHA

Besi ya mpini ina tabu moja. Haina alama, kwa hiyo sauti hupotea kwa urahisi. Majirani zetu wa Malawi wana ala nyingine, babatoni. Nayo ina uzi mmoja mnene, lakini mkono wake ni mrefu na umefungwa imara. Mpigaji huteleza chupa juu ya uzi. Kikundi cha Madalitso Band, cha watu wawili tu, kimeipeleka babatoni nchi nyingi. Mwaka 2017 walipiga katika tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar.

Nasi tunaweza kubadili sanduku letu. Ng'oa mpini. Tafuta ubao mgumu wenye urefu wa mita moja na nusu. Upitishe ndani ya sanduku, karibu na ubao wa juu, lakini usiuguse. Funga waya wa zamani wa breki ya baiskeli kwenye mwisho wa ubao, upande wa sanduku. Upitishe juu ya kidaraja kidogo cha mti kinachokaa katikati ya sanduku. Kisha upitishe juu ya kijiti kilichopigiliwa upande wa pili wa ubao. Mbele ya kijiti hicho tia kigingi cha kukazia waya. Kutoka kidaraja hadi kijiti iwe sentimita 100 kamili.

Wanakwaya wanajua do, re, mi. Waya ukipigwa wazi, iite sauti hiyo do. Sasa pima kutoka kwenye kidaraja, uweke alama hizi kwenye ubao:

Re, sentimita 89.
Mi, sentimita 80.
Fa, sentimita 75.
So, sentimita 67.
La, sentimita 60.
Ti, sentimita 53.
Do ya juu, sentimita 50.

Angalia do ya juu. Iko nusu kamili ya waya. Weka chupa laini juu ya alama, bila kukandamiza, kisha piga waya kati ya chupa na kidaraja.

TAHADHARI

Kama bwana shamba, nasisitiza jambo hili. Watu wengine hutumia debe badala ya sanduku. Debe la mafuta ya kula lililooshwa linafaa. Lakini usitumie kamwe debe wala chombo kilichokuwa na dawa ya mimea, hata kama umekiosha mara kumi. Dawa tunazopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga na wadudu hazikuwekwa kwa ajili ya mikono na midomo ya watoto. Sumu haina harufu ya kutosha kukuonya kila mara. Soma maelezo kwenye kibandiko kuhusu namna ya kutupa chombo kitupu.

Pili, usikate mti mbichi kwa ajili ya besi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hapa Kisarawe, imehifadhiwa kisheria. Mpini wa zamani na mabaki ya fundi vinatosha.

Tatu, waya ukikatika huruka. Usiinamishe uso juu yake unapoukaza.

Nne, usiunganishe umeme mwenyewe. Ukitaka sauti kubwa, weka kipaza sauti karibu na mlango wa sanduku. Kazi ya nyaya mwachie fundi umeme.

TUSIJIDANGANYE

Besi ya sanduku haitashinda spika za mjini kwa ukubwa wa sauti. Lakini itasikika vizuri uani, kanisani, shuleni na chini ya mwembe. Tena ni mali ya kikundi. Ikivunjika leo, kesho inatengenezwa. Kijana aliyeiunda anajua kupima, kukata na kuunganisha. Ujuzi huo utamfaa pia kutengeneza kiti au mzinga wa nyuki.

Kikundi kikikua, kionane na afisa utamaduni wa wilaya. Katika mkoa wetu huu wa Pwani, Bagamoyo, ipo pia TaSUBa, taasisi inayofundisha sanaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikundi chetu hulipa kiasi gani kukodi vyombo kwa mwaka? Fedha hizo zingenunua nini?

2. Ni vifaa gani vya kutengeneza sanduku tunavyo tayari kijijini?

3. Kwa nini uzi mnene hutoa sauti ya chini?

4. Vyombo vitupu vya dawa za mimea tunavitupa wapi?