Mwendo wa Farasi wa Safari Ndefu

Mwaka 1955 Bwana Wendell Robie na wenziwe wachache walipanda farasi karibu na ziwa la Tahoe, katika California huko Marekani, wakavuka milima mpaka mji wa Auburn. Safari ile yapata maili 100, yaani kilometa 160, nao waliimaliza kabla ya saa 24 kutimia. Ndiyo asili ya mashindano yaitwayo Tevis Cup.

Katika safari za namna hii farasi huenda matiti sehemu kubwa ya njia. Matiti ni mwendo wa kati, si wa kutembea wala si wa shoti: mguu wa mbele wa kuume hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha hufuata ile miwili iliyobaki. Basi mpandaji hujiuliza, aende matiti upesi kiasi gani, nguvu za mnyama zisiishe njiani?

Wengi hudhani kwamba kadiri farasi aendavyo polepole ndivyo awekavyo nguvu zake. Sivyo. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Marekani, Hoyt na Taylor, walieleza jinsi walivyowafundisha farasi watatu wadogo kwenda juu ya mkanda uzungushwao na mashine, wakapima oksijeni waliyoitumia. Waliona kwamba katika kila namna ya mwendo iko kasi ambayo kwayo mnyama hutumia nguvu chache kabisa kwa kila meta. Akiizidisha, hupoteza nguvu. Akiipunguza mno, hupoteza vilevile. Na farasi wale walipoachwa wajiendee wenyewe, walichagua kasi iliyo karibu na ile, ingawa hakuna aliyewafundisha hesabu!

Njiani mpandaji hawezi kupima oksijeni, lakini aweza kuhesabu mapigo ya moyo kwa chombo kidogo afungwacho farasi. Humpitisha katika njia tambarare iliyopimwa, mara kwa kasi hii, mara kwa kasi ile. Tuseme farasi akienda kilometa 12 kwa saa, moyo hupiga mara 110 kwa dakika. Kilometa moja huichukua dakika 5, basi ni mapigo 550. Kwa kilometa 15 kwa saa moyo hupiga mara 120. Dakika ni 4, mapigo 480. Kwa kilometa 18 hupiga mara 150. Dakika ni 3 na sekunde 20, mapigo 500. Kasi ipi ni rahisi kwake? Ni ile ya kati. Farasi mwingine atakuwa na hesabu nyingine, na jua kali au mlima huibadili.

Kazi hii si mchezo, kwa kuwa farasi mwenye moyo wa kupenda huwafuata wenzake hata aumie, wala hana kinywa cha kusema amechoka. Kwa sababu hiyo daktari wa wanyama huwangoja vituoni. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga mara 30 hadi 40 hivi kwa dakika. Katika mashindano mengi hutakiwa ushuke hata 64 kwa muda uliowekwa. Usiposhuka, farasi huondolewa mashindanoni, hata kama mwenyewe aapa kwamba mnyama wake ni mzima.