Kumbukumbu Inapojaa: Jinsi Kompyuta Inavyoazima Nafasi ya Diski

Walimu wengi wa shule zenye maabara ya kompyuta wamekwisha kuiona hali hii. Mwanafunzi amefungua programu ya kuandikia, akafungua na ya intaneti, kisha picha mbili tatu. Ghafla mashine inaganda. Taa ya diski inamemeteka bila kukoma, na insha ambayo haijahifadhiwa imo hatarini kupotea. Husemwa kwamba kompyuta imezeeka. Mara nyingi kosa si uzee, bali ni namna kumbukumbu yake inavyosimamiwa.

Kumbukumbu ni kama meza ya mwalimu, na diski ni kama kabati lililoko ng'ambo ya uwanja wa shule. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia mashine, huigawa kumbukumbu katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096 kila mmoja. Meza ikijaa, ukurasa ambao haujaguswa kwa muda hupelekwa kabatini, na hurudishwa pale unapohitajiwa. Wazo hili si geni. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno 16,384 tu, kila neno likiwa na biti 48. Hata hivyo, programu iliiona kumbukumbu hiyo pamoja na silinda ya sumaku ya maneno 98,304 kuwa ghala moja.

Tatizo ni mwendo. Kumbukumbu hujibu katika muda wa takriban sehemu 100 za bilioni ya sekunde. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji takriban sehemu 10 za elfu ya sekunde ili kuufikia ukurasa mmoja. Tuseme kuchukua karatasi mezani ni kazi ya sekunde moja. Basi kuifuata kabatini kungechukua zaidi ya siku nzima! Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza sana umbali huo, lakini hazijauondoa.

Mwaka 1968 Peter Denning, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba kila programu, kwa kipindi kifupi, hutumia kundi fulani la kurasa. Jumla ya makundi hayo ikizidi kumbukumbu, kila ukurasa unaoingia humfukuza mwenzake ambaye atahitajiwa punde. Mashine hutapatapa, ikihamisha kurasa tu badala ya kufanya kazi.

Ni ukurasa upi basi utolewe? László Bélády alionyesha mwaka 1966 kuwa bora ni ule utakaohitajiwa mbali zaidi katika siku zijazo. Kwa kuwa hakuna mashine inayoyajua ya kesho, mifumo hubashiri kwa kutazama ya jana. Linux 6.1, iliyotolewa Desemba 2022, iliongeza njia ya kuzipanga kurasa kwa marika: rika kongwe ndilo linalotoka kwanza.

Mbinu inayonivutia zaidi ni nyingine: kuukunja ukurasa na kuuacha mezani. Kurasa nyingi zina marudio, na kichakataji huweza kuzibana kwa muda mfupi mno kuliko ule wa safari ya kwenda diskini. Kompyuta za Apple zilianza kufanya hivyo mwaka 2013, na Windows 10 mwaka 2015. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na zram, ambayo Fedora 33 iliifanya kuwa kawaida yake mwaka 2020. Picha na video, ambazo zimekwisha kubanwa, hazipungui tena.

Wapo wanaoshauri eneo la diski lifungwe kabisa. Sikubaliani nao. Pasipo eneo hilo wala zram, data ambazo programu imeziunda haziwezi kuondolewa, hata zile zilizolala tangu asubuhi. Mfumo hubaki kuzitupa kurasa za maagizo ya programu zenyewe, ambazo nakala zake zimo diskini, kisha huzisoma upya, na kutapatapa hurudi kwa mlango wa nyuma. Mwisho wake mfumo huiua programu mojawapo, pengine ile yenye insha. Katika mashine ya Linux yenye gigabaiti 2, yafaa kuwasha zram kwanza, na kuacha eneo dogo la diski kama akiba nyuma yake.