Kamasi Ambazo Kidonge Hakiziponyi

Nyumba nyingi hazikosi vidonge vya mafua kabatini. Mtu akianza kupiga chafya humeza Piriton, pua hukauka, usingizi humchukua, na nyumba hutulia. Vidonge hivi huizuia histamini, ambayo mwili huitoa unapochukizwa na vumbi au manyoya ya paka, ikawasha macho na kutiririsha pua. Kazi yao ni hiyo. Haviui kijidudu hata kimoja.

Sasa wapo watu ambao damu yao imepungukiwa na kingamwili, yaani zile protini zinazovishika vijidudu kabla havijaenea. Mwaka 1952 Daktari Ogden Bruton, wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 ambaye vijidudu viliingia damuni mwake mara 19 katika muda wa miaka 4 hivi. Damu ilipopimwa, kingamwili hazikuonekana. Daktari akamdunga sindano za kingamwili zilizotolewa katika damu za watu wengine, akazirudia kila mwezi, na yale maradhi yakamwachia.

Mtu wa namna hii pua yake ikitiririka mfululizo, aghalabu sababu si vumbi, bali ni vijidudu vilivyofanya makao katika pua na kifua. Hapo kidonge, hasa cha aina za zamani, huweza kuyafanya makohozi kuwa mazito, yasitoke kwa wepesi, hali mgonjwa anasinzia na jamaa zake wadhani amepata nafuu. Siku nazo zinapita bila dawa ya kuua vijidudu. Na mapafu yakishapata makovu hayarudi kama yalivyokuwa.

Walakini tusikihukumu kidonge kwa kosa lisilo lake. Baadhi ya wagonjwa hawa wana mizio ya kweli pia, nao huandikiwa na daktari, mara nyingi zile aina mpya zisizoleta usingizi mwingi. Tena wengine hupewa kabla ya kutiwa kingamwili mshipani, ili kupunguza upele na mwasho.

Basi baba na mama, mkiona masikio ya mtoto yanatoka usaha tena na tena, au nimonia imemrudia katika mwaka ule ule, mwombeni daktari apime kingamwili zake. Damu kidogo tu yatosha. Na mwelezeni kila kidonge alichomeza, hata kile cha dukani.