Pikapu Kuukuu ya Mkulima: Maradhi Yake na Gharama Zake

Mkulima aliyepata mavuno mema hutamani kuwa na gari lake mwenyewe la kuchukulia mazao, asiwe tena mtu wa kungoja malori ya wengine na kukubali bei yoyote ya mchuuzi kwa kuwa mboga zake zinanyauka. Hamu hiyo ni njema, wala hatumlaumu. Lakini gari jipya halimkaribii. Basi hununua kuukuu, na mara nyingi huwa ni Toyota Hilux iliyoundwa kati ya mwaka 1983 na 1997, yenye injini ya dizeli iitwayo 2L. Gari hilo ni jepesi kutengenezeka, na spea zake hupatikana hata katika miji midogo. Hata hivyo lina maradhi yake, na yampasa mnunuzi kuyajua kabla ya kutoa fedha.

Kwa kuwa bei za madukani hubadilika mara kwa mara, hapa tutapima gharama kwa magunia ya mahindi, kama mkulima mwenyewe apimavyo.

Ugonjwa ulio mkubwa kuliko yote ni kupasuka kwa kofia ya injini, ambayo mafundi huiita silinda hedi. Hedi hiyo ni ya aluminiamu, nayo imefungwa juu ya bloku ya chuma. Na madini haya mawili hayatanuki sawasawa yapatapo moto. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi hupinda, kisha hupasuka, na mara nyingi ufa huwa kati ya vali na vali. Hapo gesi ya moto hupenya katika njia za maji na kuyasukuma maji nje ya rejeta. Maji yakipungua joto huzidi, na joto likizidi ufa huongezeka.

Namjua mkulima mmoja wa kabichi katika milima ya Usambara. Rejeta ya gari lake ilikuwa ikivuja kidogo, naye akawa akiongeza maji ya mtoni kila asubuhi. Fundi wa kuisafisha na kuiziba alimtaka thamani ya nusu gunia tu, lakini yeye aliona ni nyingi. Siku moja alishuka Mombo na kabichi, akawa anarudi na mbolea, na katika zile kona za kupanda kuelekea Soni mshale wa joto ukafika juu. Hakusimama, maana giza lilikuwa likiingia. Nyumbani alifika, lakini asubuhi injini haikuwaka. Hedi nyingine iliyokwisha tumika, gasketi, boliti mpya na ujira wa fundi vilimla thamani ya magunia 14. Wala hiyo haikuwa hasara yote, kwa maana gari lilikaa wiki tatu kwa fundi, na kabichi za shamba la pili zikapasukia shambani kwa kukosa wa kuzichukua.

Wako mafundi wanaomshauri mwenye gari aondoe thamostati ili injini ipoe. Mimi sikubaliani nao. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi, na ile rejeta iliyoziba huendelea kuziba. Dawa yake ni kuisafisha rejeta, kutazama pampu ya maji na mkanda wa feni, na kujaza maji safi yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta. Maji ya mtoni huleta kutu na chokaa.

Ugonjwa wa pili kwa kawaida hautoi dalili. Ndani ya injini hii mna mkanda wa mpira wenye meno, yaani mkanda wa taimingi, nao hupaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali, na mwenye gari hurudi kule kule kwenye gharama ya hedi. Saa ya kilomita ya gari kuukuu si shahidi wa kuaminiwa. Kwa hiyo mnunuzi aubadilishe mara anunuapo, pamoja na gurudumu lake dogo la kukazia. Mkulima yule, alipokwisha kuumia, alilipa gunia moja na nusu kwa kazi hiyo.

Breki nazo zina jambo ambalo wengi hawalijui. Katika magari mengi ya namna hii, karibu na ekseli ya nyuma pana vali yenye fimbo, ipimayo uzito wa mzigo na kuzidisha nguvu ya breki za nyuma gari lishibapo. Watu huongeza majani ya springi ili wapakie zaidi. Bodi ikiinuka, vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hulegea wakati ule ule mzigo ulipo mzito. Fundi airekebishe fimbo hiyo kila springi ziongezwapo.

Moshi mweupe wa asubuhi na kuchelewa kuwaka huenda vikawa ni plagi za kupashia moto au nozeli, na plagi hazina gharama kubwa. Chesisi igongwe kwa nyundo, hasa ikiwa gari limekaa pwani. Kutu iliyoila kabisa haifai kuchomelewa juu juu.

Anayekwenda kununua afike alfajiri, aguse boneti kwanza. Ikiwa ina joto, muuzaji amekwisha kuiwasha injini ili kuficha jambo. Arudi siku nyingine. Ikiwa baridi, afungue kifuniko cha rejeta, injini iwashwe, naye atazame maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya ufa au gasketi iliyoungua. Kisha achomoe kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Akiridhika na kununua, siku ya kufunga mkanda mpya aandike kwa rangi, juu ya kifuniko cha mkanda, tarehe na kilomita zilizosomeka.